Baada Yako Yuko Mwingine: Nasaha kwa Kijana Aliyenunua Treni ya Modeli Iliyotumika

Mjukuu wangu uliye Leicester, mama yako amenieleza kwamba umenunua treni ya modeli iliyokwisha tumika, Jinty nyeusi ya Tri-ang, na kwamba tangu siku hiyo meza yako ya kusomea haionekani kwa bisibisi na nyaya. Nimefurahi sana. Mimi nililelewa na karakana ya reli, mikono yangu ikazoea spana tangu ujana, na uzeeni nikazipenda hizi ndogo kwa mapenzi yale yale niliyozipenda zile kubwa. Umeniuliza uanze kubadilisha nini. Nitakujibu, lakini nina neno moja ambalo lazima litangulie.

Injini hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla yako, na ukiitunza vizuri itakuwa na mwenyewe baada yako. Wewe umesimama katikati. Kila utakaloifanyia, litazame kwa macho ya hao wawili: yule aliyeihifadhi hata ikakufikia, na yule atakayeipokea kutoka mkononi mwako. Jiulize kila mara, je, ajaye akitaka kulirudisha hili nililolifanya, ataweza? Swali hilo ndilo wasia wangu wote. Mengine ni namna ya kulijibu.

La kwanza, ijue kabla ya kuigusa.

Jinty ni jina la utani walilolitumia Waingereza kuiita injini ndogo ya mvuke ya kampuni ya reli ya London, Midland and Scottish. Ilikuwa na magurudumu sita, yote ya kuvuta, na matangi ya maji yaliyokaa ubavuni, kwa hiyo haikuhitaji tenda, yaani kigari cha nyuma cha kubebea maji na makaa. Zilijengwa 422 kati ya mwaka 1924 na 1931, kwa usanifu unaohusishwa na mhandisi Henry Fowler. Hazikuwa injini za fahari. Kazi yao ilikuwa kushanti mabehewa yadini, kuvuta treni fupi za mizigo na kusukuma treni za wengine. Karibu na Bromsgrove, kusini mwa Birmingham, kuna mpando wa reli uitwao Lickey, ambapo njia hupanda mita moja kwa kila mita 38 hivi. Treni nzito ilipofika chini ya mpando huo, Jinty zilikuja nyuma yake, mbili au hata zaidi, zikaisukuma mpaka juu, kisha zikarudi chini kuingojea nyingine. Ukijua hayo, hutaipamba Jinty yako kama injini ya kifalme. Masizi kidogo na rangi iliyofifia ni haki yake.

Jua pia historia ya modeli yenyewe. Tri-ang walianza kuiuza katika miaka ya 1950. Kiwanda chao kilihamia Margate, mji wa pwani ya Kent, mwaka 1954. Mwaka 1964 kampuni mama, Lines Bros, iliinunua Meccano, iliyokuwa na jina la Hornby, na mwaka uliofuata majina mawili yakaunganishwa kuwa Tri-ang Hornby. Lines Bros ilipoanguka mwaka 1971, jina la Tri-ang likaondolewa, na kuanzia 1972 treni hizo zikaitwa Hornby peke yake. Kwa hiyo maandishi ya kwenye sanduku na chini ya chasi yanakuambia umri wa kitu ulichoshika. Usilitupe sanduku hata kama limechanika. Lishikize kwa karatasi na gundi nyepesi upande wa ndani, kwa sababu lenyewe ni cheti cha kuzaliwa.

Kuna hesabu moja itakayokusumbua, nami nataka uipate kwangu kwanza. Injini yako ni ya kipimo kiitwacho OO, yaani milimita 4 kwa kila futi ya injini halisi, ambayo ni kuipunguza mara 76 na ushei. Reli yake ina upana wa milimita 16.5. Lakini reli halisi ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, na ukiigawanya kwa 76 na ushei utapata karibu milimita 18.8. Reli yako ni nyembamba kuliko inavyostahili. Vijana wengi wakiligundua hilo hudhani wamepata kosa la kiwandani, wakaanza kutanua ekseli. Chunga mkono wako. Waasisi wa kipimo hiki walichukua upana wa reli ya HO, inayopunguza mara 87, wakaweka juu yake bodi kubwa kidogo, kwa sababu injini za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara Ulaya na mota za enzi zile hazikuenea ndani ya bodi ndogo. Walikuwa na sababu, na nchi nzima ikajenga juu ya sababu hiyo. Kabla ya kusahihisha kazi ya mtangulizi wako, tafuta kwanza ni tatizo gani alilokuwa analitatua.

La pili, ikague kabla ya kuitia umeme.

Anza na chasi. Iweke chini ya taa kali, uitazame polepole kwa kioo cha kukuzia. Chasi na magurudumu ya treni nyingi za zamani yalimiminwa kwa aloi ya zinki. Aloi hiyo ikiwa iliingiwa na madini ya risasi, hata kwa kiasi kidogo sana, baada ya miaka mingi hupata maradhi: nyufa nyembamba huenea juu yake, kipande huvimba na kupinda, mwisho humeguka kama biskuti. Maradhi haya hayana tiba, wala hayaambukizi kutoka kipande kimoja hadi kingine, ingawa utasikia watu wakisema hivyo. Kila kipande huzaliwa nayo siku kinapomiminwa. Yameua zaidi modeli za kabla ya Vita Kuu ya Pili kuliko za Tri-ang, lakini macho hayalipiwi kodi. Ukiona nyufa, usikaze skrubu, usibane, usipake gundi. Tafuta chasi nyingine ya aina hiyo hiyo. Jinty zilitengenezwa kwa wingi, na chasi zake bado zinapatikana kwa wauza spea.

Kisha tazama bodi. Modeli za mwanzo kabisa za kiwanda hiki zilitumia plastiki ya selulosi asetati, ambayo hunywea na kujikunja kadiri miaka inavyopita. Baadaye walihamia polistirini, ambayo hutulia. Ukikuta bodi imejipinda, usiitie maji ya moto ukitaka kuinyoosha. Plastiki iliyojikunja yenyewe haina kumbukumbu ya umbo lake la kwanza, na ukiilazimisha itapasuka.

Na hapa nasema kwa ukali wa babu. Kama injini ilikuja na kidhibiti chake cha zamani cha kuchomeka ukutani, usikichomeke. Umeme wa nyumba ya Uingereza ni volti 230, na ala ya waya ya miaka sitini iliyopita huwa imekauka ikawa ngumu na yenye nyufa. Kihifadhi ndani ya sanduku kama kumbukumbu, ukikate waya wake wa ukutani ili mtoto asikijaribu, kisha ununue kidhibiti kipya chenye kutoa umeme wa moja kwa moja wa volti 12. Katika yote nitakayokuambia, huo ndio mkato mmoja ninaouruhusu usiorudishika, kwa sababu uhai wa mtu unatangulia uhalisi wa kitu.

La tatu, ifungue kwa adabu.

Tandika kitambaa cheupe mezani, ili kila kinachodondoka kionekane. Chukua picha kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, na nyingine kila baada ya hatua. Bodi ya Tri-ang kwa kawaida hushikwa kwa skrubu na ndoano ya plastiki, kwa hiyo ukiona bodi inagoma baada ya kutoa skrubu, usivute. Tafuta ndoano ilipo, uisogeze taratibu. Bisibisi iingie barabara kwenye mfuo wa skrubu. Bisibisi ndogo kupita kiasi hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa humtangaza fundi mbaya kwa miaka hamsini. Panga skrubu kwenye kadi, kila moja mahali pake, kwa maana mbili zinazofanana mara nyingi hazina urefu mmoja.

Ndani utaikuta mota iitwayo X04. Mota hiyo ni ya wazi, unaona kila kitu: rota yenye nguzo tatu, komyuteta ya shaba, brashi mbili za kaboni, na sumaku nyuma. Ni mota imara, na nyingi zake zinazunguka mpaka leo. Lakini ina siri moja. Sumaku yake ni ya aina ambayo hupoteza nguvu ikitengwa na vyuma vinavyoizunguka. Ukiitoa bila sababu, ukairudisha jioni, mota itakwenda dhaifu na kula umeme mwingi. Kama huna budi kuitoa, kipande cha chuma laini kipite kutoka ncha hadi ncha ya sumaku muda wote iwapo nje. Kama huna sababu, iache ilipo. Kujua usichopaswa kufungua ni nusu ya ufundi.

La nne, isafishe, kwa maana uchafu ndio ugonjwa wa wengi wao.

Treni ndogo huendeshwa juu ya mazulia. Kwa hiyo kwenye ekseli utakuta nywele, nyuzi za sufu na vumbi lililochanganyika na oili ya zamani hadi likawa kama gundi. Zitoe kwa kibano, uzi mmoja mmoja. Magurudumu yafute kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili. Usiyapige msasa, kwa kuwa mikwaruzo hukusanya uchafu upya kwa haraka zaidi. Steli wuli usiilete hata chumbani: vumbi lake la chuma huvutwa na sumaku, likaingia ndani ya mota na kuunganisha umeme pasipotakiwa.

Bodi ya plastiki iliyokwisha tenganishwa na mota ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kwa brashi laini ya rangi. Pita kwa upole juu ya namba na nembo, kwa sababu zikifutika hazirudi. Spiriti usiipake kwenye rangi, na asetoni isifike karibu kabisa, kwani huyeyusha polistirini papo hapo.

Sasa komyuteta. Ile shaba imegawanywa vipande vitatu, na kati ya vipande kuna mifereji myembamba. Vumbi la kaboni kutoka kwenye brashi hujaa humo, umeme ukavuka kutoka kipande hadi kipande, mota ikapata moto bila kufanya kazi. Chonga kijiti cha mbao, kama cha kuchokolea meno, upitishe kwenye kila mfereji. Shaba yenyewe ifute kwa spiriti mpaka ing'ae. Brashi zikiwa zimeisha, nunua mpya, kwa kuwa bado zinauzwa. Unapozirudisha, angalia springi inayozibana: mkono wake mmoja umevikwa kifuko cha kuhami umeme na mwingine uko wazi. Picha uliyopiga ikuonyeshe upande upi ulikuwa upi, kwa sababu ukiukosea, umeme utakatiza njia na kidhibiti kitazimika.

Oili ni tone dogo la ncha ya sindano, kwenye kila ekseli na kila ncha ya rota. Tumia oili nyepesi isiyodhuru plastiki. Kwenye gia weka girisi kidogo. Tone la ziada halilainishi zaidi, bali hutambaa hadi kwenye komyuteta na kurudisha ugonjwa ulioutibu. Wengi huimwagilia oili injini iliyokwama wakidhani wanaihurumia.

La tano, iendeshe kama ilivyo kabla ya kuifikiria iwe vingine.

Kijana hushindwa kusubiri hapa, nami naelewa. Lakini huwezi kuboresha usichokijua. Ifunge mota peke yake kwanza, uipe umeme mdogo, uongeze taratibu. Kisha chasi nzima bila bodi. Kisha na bodi. Iende mbele na nyuma, kwenye duara, bila mzigo, mpaka ipate joto la kawaida. Weka multimita kwenye njia ya umeme usome ampea. Mota ya X04 iliyo nzima huzunguka bila mzigo kwa chini sana ya ampea moja. Ikila zaidi na kupata moto haraka, hali imesafishwa na brashi ni nzuri, basi sumaku imechoka. Wapo mafundi wenye mashine ya kuitia nguvu upya, na ziko pia sumaku ndogo za neodimiamu za kuweka badala yake. Ukitumia hizo, sumaku ya zamani itie kwenye mfuko, uandike jina lake.

Sikiliza pia. Mlio wa kukwaruza kwa mpigo ni gia iliyochafuka au iliyovunjika jino. Kuyumba kwa kila mzunguko ni gurudumu lililokaa upande. Kusita kwenye sehemu moja ya njia ni reli chafu, wala si injini. Karakana ilinifundisha kwamba injini haisemi uongo; hutaja ugonjwa wake kwa yule anayenyamaza akaisikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa husikika kabla haujaonekana.

La sita, sasa boresha, na kila unachokiboresha kiwe chenye njia ya kurudi.

Anza na mapokezi ya umeme. Chasi ya Jinty hii hupokea umeme upande mmoja kwa chuma chake chenyewe, na upande wa pili kwa vibati vinavyogusa magurudumu yaliyohamiwa. Hakikisha vibati vinagusa kila gurudumu la upande huo, wala havikabi. Waya mwembamba wa shaba ya fosfori, uliolehemiwa kwenye kibao kidogo na kibao hicho kikashikiliwa kwa skrubu iliyokuwapo tangu zamani, unatosha kuifanya injini ipite kwenye maungio ya reli bila kusita. Umeongeza kitu, na hukuchimba tundu hata moja. Ukilehemu, dirisha liwe wazi, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa lehemu nyingine ina risasi.

Magurudumu ya Tri-ang yana flenji nene na ndefu. Kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo, zile za milimita 1.9, flenji hizo hugonga vishikizo vya reli, injini ikarukaruka kama iko juu ya kokoto. Watu wengi hukimbilia kung'oa magurudumu. Mimi nakwambia, tazama njia yako kwanza. Reli zenye kimo cha milimita 2.54 bado zinauzwa kila duka la treni, na flenji za zamani hupita juu yake vizuri zaidi. Kubadili njia ni rahisi kuliko kubadili injini, na hakumwachi ajaye na chasi iliyoharibiwa. Ukiamua hata hivyo kuweka magurudumu mapya, nunua seti yenye ekseli zake, uzitoe za zamani kwa kifaa cha kuzivuta bila kuzigonga kwa nyundo, kisha uzihifadhi pamoja.

Uzito ni jambo jema kwa injini ya kusukuma. Ukitaka ivute zaidi, ongeza chuma au tungsteni mahali palipo wazi, juu ya magurudumu, mbele na nyuma kwa usawa. Punje za risasi usizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi na gundi hiyo hufanya kazi ya kikemia polepole, ikavimba, na baada ya miaka kadhaa bodi hupasuka kutoka ndani. Aliyefanya hivyo huwa ameshaiuza, na anayelipa ni mwingine. Umeona sasa kwa nini nimeanza na yule ajaye?

Najua unachokitaka zaidi ni dekoda, ili injini iendeshwe kwa mfumo wa kidijitali. Sikukatazi. Mfumo huo, ambao msingi wake uliwekwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani miaka ya 1980 ukafanywa kiwango cha wote katika miaka ya 1990, ni kazi nzuri ya akili. Lakini uelewe inachodai. Kwenye njia ya kidijitali umeme uko kamili wakati wote, na dekoda ndiyo inayougawia mota. Injini ya zamani isiyo na dekoda usiiweke juu ya njia hiyo ya rafiki yako. Itanguruma ikiwa imesimama, na mota yake inaweza kuungua.

Kanuni kubwa ya dekoda ni moja: mota isiguse reli kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kupitia dekoda. Katika X04 brashi moja inaungana na chasi kupitia ule mkono wa springi ulio wazi. Uvike mkono huo nao kifuko cha kuhami, kila brashi ipate waya wake, kisha uthibitishe kwa multimita kwamba hakuna njia baina ya mota na chasi. Usiamini macho hapa, iamini mita. Kisha pima mota inakula ampea ngapi ikishikwa isizunguke kwa volti 12, kwa sekunde moja tu, na uchague dekoda yenye uwezo zaidi ya hapo. Mota za zamani hula kuliko za kisasa, na dekoda ya bei ndogo iliyokusudiwa mota mpya itaungua siku ya kwanza injini itakapokwama.

Rangi za nyaya zina utaratibu unaofuatwa na wote. Nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli, nyekundu ikiwa ya kulia. Ya machungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ni ya nyuma, na buluu ni chanya ya pamoja. Ziheshimu rangi hizo, hata kama umeishiwa na waya wa rangi fulani usiku wa manane. Lehemu nyaya kwenye soketi ya pini nane, dekoda yenyewe uichomeke. Kwa njia hiyo, atakayependa umeme wa kawaida ataing'oa dekoda na kuchomeka plagi ndogo ya kuunganisha, na injini itakwenda kama ilivyotoka Margate.

La saba, rangi.

Kama rangi ya kwanza ipo kwa sehemu kubwa, iache. Mkwaruzo wa mtoto wa mwaka 1960 ni sehemu ya maisha ya kitu hicho, na wakusanyaji wanajua thamani yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ikiwa mtu aliyekutangulia aliipaka rangi ya nyumba kwa brashi nene, hapo una ruhusa. Ing'oe kwa subira, ukijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kisha upake tabaka nyembamba, moja ikikauka ndipo nyingine. Chini ya namba za kubandika kwa maji weka vanishi ya kung'aa, ili namba zilale bila kuacha mapovu, na juu yake ufunge kwa vanishi isiyong'aa.

Mama yako aliniambia una wazo la kuigeuza Jinty hii iwe injini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kwa heshima yangu. Mjukuu wangu, wazo lako limenigusa moyo, na ndiyo sababu nakuomba usilifanye. Jinty haikuwahi kukanyaga reli zetu. Njia zetu zilikuwa za mita moja, nazo zilikuwa na injini zake. Fahari yao ilikuwa injini za Garratt za daraja la 59, zilizojengwa 34 na Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, zikaanza kufika mwaka 1955, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilivuta treni nzito kati ya Mombasa na Nairobi, na hapakuwa na injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyozishinda nguvu. Mbili zimebaki, Mount Gelai na Mount Shengena, na ziko katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ukitaka kuniheshimu, ihifadhi Jinty kama Jinty, kisha siku moja anza Garratt yako kwa bati, plastiki na mota mpya, kwa kipimo cha HO juu ya reli ya milimita 12, ambayo ndiyo inayowakilisha njia ya mita moja. Nenda Nairobi upime mwenyewe. Hiyo itakuwa kazi yako tangu mwanzo, nawe ndiwe utakayekuwa mwenyewe wa kwanza.

La nane na la mwisho, andika na useme kweli.

Weka kadi ndani ya sanduku. Andika mwezi na mwaka, ulichokikuta, ulichokisafisha, ulichokibadilisha, na mahali kilipo kipande cha zamani. Vipande vyote ulivyotoa viingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko uishi na injini. Nakuhimiza hivyo kwa sababu nimeona kwa wakubwa faida ya kutotupa. Katika yadi ya vyuma chakavu ya Woodham huko Barry, kusini mwa Wales, injini za mvuke zilikaa zikingoja kukatwa kwa miaka mingi, na mwishowe 213 zikaokolewa na watu wa kujitolea, Jinty kadhaa zikiwamo. Zilizofufuliwa zilipitia mikono ya wengi: mmoja alichangia fedha akafa kabla hajaona moshi, mwingine alifanya boila, mwingine akamalizia rangi. Walifanikiwa kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake kazi inayoeleweka.

Siku utakapoiuza, na siku hiyo inaweza kufika kwa sababu ya ada ya shule au nyumba, mwonyeshe mnunuzi kadi hiyo kabla hajakulipa. Magurudumu yakiwa mapya, sema ni mapya. Rangi ikiwa yako, sema ni yako. Usiuze kilichorekebishwa kwa jina la kilichobaki asilia, hata kama mnunuzi hataweza kutambua. Fedha utakayoipoteza kwa ukweli ni ndogo, na jina utakalolipata miongoni mwa wapenzi wa kazi hii litakufungulia milango na masanduku ya spea ambayo fedha haifungui. Na akija kwako mtoto asiye na kitu, mwenye macho yanayong'aa kama yako, mkalishe mezani, umpe kijiti cha mbao, umfundishe kusafisha komyuteta. Muache aharibu brashi moja, kwani brashi zinauzwa.

Kwa hiyo, jibu la swali lako ni hili: usibadilishe kitu mwezi huu. Ikague, uisafishe, uiendeshe, uiandikie kadi yake. Ukishaijua, ndipo uniandikie tena, unitajie ampea zake na mlio wake, nasi tutashauriana juu ya dekoda. Mungu akupe mikono mitulivu na moyo wa kumkumbuka usiyemjua.

Wako akupendaye,
Babu